Maisha ya Kapteni Joubert, Askari wa Baba Mtakatifu Kandokando ya Ziwa Tanganyika

Wakristo wa nchi yetu, toka Shinyanga mpaka Kahama, na toka Ushirombo mpaka Geita penye machimbo ya dhahabu, wanawajua watakatifu waliokuwa askari: Jorji, Martino, Sebastiano, Ludoviko. Watoto husikiliza kwa furaha habari za Mtakatifu Jorji, jinsi alivyopanda farasi akaliua joka kwa mkuki, wala hawaulizi kama joka lile lilikuwako kweli. Lakini msomaji mtu mzima huweza kuuliza neno jingine: je, katika nchi hizi zetu za Afrika alipata kuwako mtu aliyeshika silaha ili awalinde wanyonge, akaishika kwa haki, hata akafa na jina jema? Alikuwako mmoja. Jina lake ni Ludovic Léopold Joubert, aliyejulikana kwa watu wote kuwa Kapteni Joubert. Kanisa halikumwandika katika hesabu ya watakatifu, nasi hatumpi jina hilo. Walakini inatufaa kuyajua maisha yake, kwa kuwa misioni zetu za kwanza na misioni zile za Tanganyika ni matawi ya mti mmoja. Zilipandwa na Mapadre Weupe wale wale, waliofuata njia ile ile toka Bagamoyo mpaka Tabora.

Joubert alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 katika kijiji cha Saint-Herblon, magharibi ya Ufaransa, karibu na mto Loire. Watu wa pande zile ni wakulima walioishika dini kwa nguvu toka zamani. Juu ya utoto wake hatuna haja ya kusema mengi. Alisoma, akakua, na alipofikia umri wa miaka kumi na minane habari za vita zikatoka Italia. Siku zile Baba Mtakatifu alikuwa na nchi yake ya kutawala, si mji wa Vatikano tu kama siku hizi, bali Roma yenyewe na majimbo mengi yaliyouzunguka. Mfalme mmoja wa Italia alikuwa akiziunganisha nchi zote za Waitalia ziwe dola moja, naye alizitwaa nchi za Papa moja baada ya moja. Papa Pio wa Tisa akaomba msaada, na vijana Wakatoliki wa Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi wakaitika. Joubert akawa mmoja wao, katika mwaka 1860.

Vita yake ya kwanza ilikuwa ya kushindwa. Tarehe 18 Septemba 1860, mahali paitwapo Castelfidardo, majeshi ya Papa yalizidiwa kwa wingi, na Joubert akajeruhiwa, akachukuliwa mateka. Alipofunguliwa hakubaki nyumbani. Alirudi Roma akaingia katika kikosi cha Wazuavu wa Papa, askari waliovaa suruali pana na vizibao vifupi, mavazi yaliyoigwa kwa askari wa Algeria. Huko alipanda cheo hata akafanywa kapteni. Siku ya tarehe 20 Septemba 1870 majeshi ya Italia yaliubomoa ukuta wa Roma, yakaingia. Papa aliwaamuru askari wake wasipigane zaidi ya kuonyesha tu kwamba mji umetwaliwa kwa nguvu. Kisha wakaweka silaha chini. Msomaji na alikumbuke jambo hili. Joubert alilelewa katika jeshi lililoshindwa, tena chini ya bwana aliyejua saa ya kunyamazisha bunduki. Askari wengi hawapati shule ya namna hiyo.

Basi alirudi kwao, akakaa na mashamba yake miaka yapata kumi. Yaonekana kama kwamba maisha yake yalikuwa yamekwisha kuamuliwa: mzee wa kijiji, mwenye kovu na hadithi za ujana. Lakini wakati ule ule Askofu Mkuu wa Algiers, Lavigerie, aliyefanywa Kardinali katika mwaka 1882, alikuwa akitafuta watu.

Lavigerie alikuwa ameanzisha shirika la Mapadre Weupe katika mwaka 1868, na katika mwaka 1878 alituma msafara wa kwanza barani kwetu. Walipofika Tabora mapadre wale waligawanyika. Kundi moja lilishika njia ya kaskazini, likapita katika Usukuma, likafika Kageye ufukoni pa Nyanza mwishoni mwa mwaka ule. Ndilo lililoendelea mpaka Buganda. Kundi la pili lilikwenda magharibi mpaka Ujiji na Ziwa Tanganyika. Hivyo mabibi na mababu zetu wa Usukuma waliwaona wenzi wa wale ambao Joubert alikwenda kuwalinda.

Sharti nieleze hali ya nchi ilivyokuwa. Siku hizi mtu akitaja mali ya pande za Geita, kila mtu hufikiri dhahabu iliyo chini ya ardhi. Siku zile mali iliyotafutwa ni pembe za ndovu na watu. Katika Unyamwezi na Usukuma wapagazi wengi walikuwa watu huru, waliokwenda pwani kwa ujira na kurudi kwao na nguo na majembe. Lakini ng'ambo ya Tanganyika, katika Manyema na Marungu, mambo yalikuwa mengine. Huko vijiji vilichomwa usiku, wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakafungwa kamba na kupelekwa ziwani, wakavushwa kwa mashua mpaka Ujiji. Mkuu wa biashara ile kandokando ya ziwa alikuwa Muhamadi bin Khalfani, mashuhuri kwa jina la Rumaliza. Walakini si haki kuwatupia Waarabu peke yao lawama yote. Wengi wa wale waliochoma vijiji walikuwa Waafrika, rugaruga na Wangwana waliofuata nyara, na watawala wengine wenyeji waliuza jirani zao. Na pembe zile zilinunuliwa Ulaya, zikafanywa vipini vya visu na vitufe vya piano katika nyumba za Wakristo.

Katikati ya hatari hiyo mapadre walikaa bila ulinzi. Lavigerie alijaribu kuwatia karibu nao askari wa zamani wa Papa. Katika mwaka 1879 wachache walitumwa, na baadhi yao wakafa kwa homa kabla hawajafanya neno. Kisha tarehe 4 Mei 1881 huko Rumonge, katika nchi ya Burundi ya leo, mapadre wawili, Deniaud na Augier, waliuawa pamoja na msaidizi wao Mbelgiji, Felix D'Hoop, aliyekuwa Mzuavu. Walikuwa wanataka kumchukua mtoto aliyekombolewa na kushikwa tena. Ugomvi ukatokea, mishale ikapigwa.

Joubert alikuwa ametoka Algiers na msafara wa tatu mwishoni mwa mwaka 1880, akafika ziwani katika mwaka 1881. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kujenga maboma ya misioni upande wa magharibi wa ziwa, kwanza Mulweba, halafu Kibanga, na kuwafundisha vijana wenyeji kulinda zamu. Amri aliyopewa ilikuwa wazi: alinde, asishambulie. Ni amri rahisi kuandikwa kwenye karatasi. Mtu anayesikia kilio toka kijiji cha jirani, na ana bunduki mkononi, ndiye anayejua uzito wake. Katika maisha yote ya Joubert neno hilo ndilo lililomsumbua, nasi tutaliona tena.

Katika mwaka 1885 alirudi Ulaya. Mtu aliyekwisha kutumikia miaka minne katika homa za Tanganyika, na miaka kumi Roma, angaliweza kusema ametimiza wajibu wake. Lakini mwaka ule ule lilitokea jambo lililobadili mambo. Mfalme wa Wabelgiji alikuwa na vituo viwili vyenye boma kandokando ya ziwa, Karema upande wetu wa mashariki na Mpala upande wa magharibi, akavitoa kwa Mapadre Weupe. Wakarithi kuta nzuri. Wakarithi pia kumbukumbu mbaya. Ofisa aliyeijenga Mpala, Émile Storms, alikuwa amefanya vita na watawala wa jirani. Mmoja wao, Lusinga, aliuawa na watu wa Storms katika mwaka 1884, na fuvu la kichwa chake likapelekwa Ubelgiji. Watu wa Mpala waliwatazama mapadre na kuwapelekea mashauri yao, kodi zao na magomvi yao, kama walivyozoea kumpelekea Storms. Padre Moinet akajikuta amekuwa kama mfalme mdogo, mwenye askari na hukumu.

Lavigerie aliona hatari hiyo upesi. Kweli yeye mwenyewe aliota ndoto ya kuanzisha dola la Kikristo katikati ya Afrika, lakini alijua kwamba padre anayehukumu na kupiga vita asubuhi hataweza kuungamisha watu jioni. Alitakiwa mtu asiye padre, mwenye ndoa au tayari kuoa, mwenye kujua silaha na mwenye moyo uliotulia. Joubert akakubali kurudi. Aliondoka Ulaya katika mwaka 1886, akapita Karema, akafika Mpala mwezi wa Machi 1887. Toka safari ile hakuiona Ulaya tena. Aliishi nchi hii miaka arobaini mingine.

Kwanza alitengeneza ulinzi. Askari wake walikuwa vijana wa nchi, wachache kwa hesabu, waliolima mashamba yao wakati wa amani na kushika bunduki wakati wa hatari. Halafu aliamua mashauri. Halafu akaoa. Katika mwaka 1888 alifunga ndoa ya Kanisa na Agnes Atakaye, binti wa nchi ile, ambaye vitabu vingine humwandika Atakao. Nasimama kidogo hapa, kwa kuwa jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana kwa macho ya leo. Siku zile wasafiri na maofisa wengi wa Ulaya waliwachukua wanawake wa Afrika pasipo ndoa, kisha wakawaacha walipokwenda zao. Joubert alisimama na Agnes mbele ya altare, mbele ya watu wote, akamfanya mkewe halali mpaka kufa, na watoto wao wakaandikwa kwa jina lake. Nionavyo mimi, kwa siku zile ndoa ile ilihubiri kwa nguvu kuliko mahubiri mengi.

Baadaye alihamia Mrumbi, kusini ya Mpala, akajenga boma na kijiji, akakipa jina la Mtakatifu Ludoviko, yaani Saint Louis. Jina lile halikuchaguliwa ovyo. Mtakatifu Ludoviko alikuwa mfalme wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1214, mpiganaji aliyevuka bahari mara mbili na majeshi yake. Mara ya kwanza alishindwa Misri, akatekwa mwaka 1250, akajikomboa kwa fedha nyingi. Mara ya pili alikufa kwa maradhi Tunis, katika bara letu la Afrika, tarehe 25 Agosti 1270. Katika vita zile mbili hakupata alichokitafuta. Lakini watu wa Ufaransa walimkumbuka kwa mambo mengine: aliketi chini ya mti kusikiliza mashauri ya maskini, akawalisha wenye njaa, akawahudumia wenye ukoma kwa mikono yake, na katika mwaka 1297 Papa akamtangaza kuwa mtakatifu. Mahali alipokufa ni karibu na Kartago, ambako Lavigerie alijenga kanisa kubwa la jina lake. Basi kijiji cha Mrumbi kilisimama chini ya ulinzi wa mfalme aliyeshindwa vitani na kushinda nyumbani. Sijui kama Joubert alijifananisha naye. Lakini mwenye kuyasoma maisha ya wote wawili hawezi kukosa kuona.

Mwaka huo wa 1888 ulikuwa mbaya kwa misioni zote. Pwani, Abushiri bin Salim aliinuka kupigana na Wadachi, na njia ya Bagamoyo ikafungwa. Buganda, mapadre na Wakristo walifukuzwa. Wakavuka Nyanza wakakimbilia Bukumbi, misioni ya Usukuma iliyoanzishwa mwaka 1883, penye ghuba inayotazamana na nchi ya Geita. Hata Kabaka Mwanga, aliyewaua mashahidi wa Uganda katika mwaka 1886, alipofukuzwa katika kiti chake alikuja kutafuta kimbilio pale pale kwa mapadre, nao wakampokea. Katika mwaka 1889 mapadre waliiacha Kipalapala, karibu na Tabora. Huko Tanganyika, Joubert alikatika na dunia. Baruti ikapunguka, barua zisifike, na watu wa Rumaliza wakajua.

Toka mwaka 1889 mpaka 1892 wavamizi waliisumbua nchi ile tena na tena. Wakimbizi walijaa katika boma la Mrumbi na la Mpala, na kila aliyeingia ni kinywa cha kulishwa. Ndipo amri ile ya kulinda bila kushambulia ilipomlemea. Boma huwalinda waliomo ndani, walakini wavamizi huzunguka nje, huchoma mashamba, huteka wanawake wanaochota maji. Joubert alitoka mara kadhaa kuwafuata na kuwanyang'anya mateka wao. Wako waliosema amevuka mpaka aliowekewa. Mimi nasema kwamba mtu asihukumu upesi asipokuwa amekaa ndani ya boma lile. Lakini pia tusifiche kwamba bunduki yake, ijapokuwa ilitumika kwa haki, iliwafundisha watu wengi kuiona misioni kama ngome ya mtu mwenye nguvu. Na wengine walikuja kubatizwa kwa kuitafuta ngome kwanza, Injili baadaye.

Jambo hilo halikuwa la Tanganyika tu. Ushirombo nayo, misioni iliyoanzishwa mwaka 1891 katika Usumbwa, ilizungukwa na vijiji vya watu waliokombolewa utumwani na wakimbizi wa vita. Askofu Gerboin alikaa pale kati yao mpaka alipokufa mwaka 1912. Wengi wa Wakristo wetu wa kwanza walikuwa watu wasio na kwao: mama aliyenunuliwa toka msafara, mtoto asiyejua jina la baba yake. Kwa hao, misioni ilikuwa ukoo kabla ya kuwa shule au kanisa.

Ulaya, Kardinali Lavigerie alianza katika mwezi wa Julai 1888 kuhubiri mji hata mji juu ya utumwa wa Afrika, toka Paris mpaka London na Brussels. Matunda yake yalikuwa chama cha Wabelgiji cha kupinga utumwa, nacho kikamtuma Kapteni Jacques na askari. Jacques alifika kwa Joubert katika mwaka 1891, na mwisho wa mwaka ule akaanzisha boma la Albertville, mji unaoitwa Kalemie siku hizi. Katika mwaka 1892 boma hilo nalo lilizingirwa. Vita haikuamuliwa hata kidogo na Joubert peke yake. Iliamuliwa na majeshi makubwa ya Dola ya Kongo yaliyotoka magharibi chini ya Dhanis, ambayo yalimshinda Rumaliza mwanzoni mwa mwaka 1894, akakimbilia nchi iliyotawaliwa na Wadachi.

Magazeti ya misioni ya Ulaya yalimwandika Joubert kama shujaa wa vita vya msalaba aliyefufuka, mtu mmoja mwenye upanga aliyelifukuza joka la utumwa toka ziwani. Hiyo ndiyo hadithi yake, nayo ilipendwa sana, kama hadithi ya Mtakatifu Jorji inavyopendwa. Maisha yake ya kweli ni madogo kuliko hadithi, na kwangu mimi ni mazuri zaidi. Alikuwa na watu wachache na baruti haba. Hakuwamaliza adui zake. Alichofanya ni kukaa pale pale, mwaka hata mwaka, hata watu wakapata mahali pa kukimbilia. Na dola ile iliyomshinda Rumaliza haikuleta uhuru ulioahidiwa. Katika misitu ya Kongo ilikuja kuwatesa watu kwa ajili ya mpira, hata mfalme akanyang'anywa nchi hiyo katika mwaka 1908. Walioushangilia mwisho wa mnyororo mmoja waliona mwingine unafuliwa.

Vita ilipokwisha, bunduki ya Joubert ilitundikwa. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Angeweza kuomba cheo serikalini, au kurudi Ufaransa kupokea heshima. Alibaki Mrumbi. Alilima, alihukumu magomvi madogo ya kijiji, alitibu vidonda na homa kwa dawa alizokuwa nazo, alihudhuria Misa na kusali rozari pamoja na watu wa nyumba yake. Askofu Roelens, aliyeiongoza misioni ya Kongo ya Juu na kuanzisha Baudouinville mwaka 1893, alimpata kuwa mlei wa kutegemewa. Habari za miaka ile thelathini hazijazi kitabu, kwa kuwa mtu anayewafunga watu vidonda kila asubuhi hatoi habari za kuandikwa magazetini.

Mfano wa namna hiyo tunao pia upande wetu wa ziwa. Adriani Atiman, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto karibu na Timbuktu, akakombolewa, akasomeshwa uganga Malta, alifika Karema katika mwaka 1889, akawatibu watu na kuwafundisha dini mpaka alipokufa mwaka 1956. Mmoja alikuwa askari Mfaransa, mwingine mtumwa aliyekombolewa. Ziwa moja liliwatenga.

Ukaja ugonjwa wa malale. Mbung'o waliijaza pwani ya ziwa, watu wakafa kijiji hata kijiji, na vijiji vya ufukoni vikahamwa. Boma la Mtakatifu Ludoviko, lisiloangushwa na watu wa Rumaliza, liliachwa kwa sababu ya mdudu. Joubert na jamaa yake walihamia Misembe, karibu na Baudouinville, penye nchi ya juu. Alipokuwa mzee sana macho yake yakapoteza nuru.

Katika uzee wake alipata kuishi mpaka siku ambayo labda Lavigerie mwenyewe asingeithubutu kuitazamia. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, Stefano Kaoze, mwana wa Marungu, alipewa upadre, wa kwanza katika Kongo yote katika zama hizi. Nchi iliyokuwa ikitoa watumwa ilitoa padre. Miaka thelathini tu ilikuwa imepita tangu Joubert alipofika Mpala.

Kapteni Joubert alikufa Misembe tarehe 27 Mei 1927, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano. Agnes alikuwa amemzalia watoto wengi. Mmoja wao, Albert, alizaliwa Mrumbi mwaka 1908, baba yake alipokuwa amekwisha kupita miaka sitini na mitano. Kijana huyo hakumjua baba yake kama mpiganaji. Alimjua mzee mwenye kulima, mwenye kutibu, na mwishowe mzee asiyeona. Alipenda upadre, akasoma, akapadrishwa katika mwaka 1935.

Padre Albert Joubert alifanya kazi kwa miaka mingi katika nchi ya ziwa, na katika mwaka 1964 alikuwa Fizi, kaskazini zaidi, pamoja na mapadre Waitalia wa shirika la Waksaveri. Mwaka ule Kongo ya mashariki ilikuwa katika uasi wa Simba. Wageni wengi walikuwa wamekimbia, na yeye aliyezaliwa na mama Mwafrika na baba Mzungu alikuwa katika hatari toka pande zote. Alibaki na Wakristo wake. Hakuwa na boma, wala walinzi, wala bunduki ya baba yake. Tarehe 28 Novemba 1964 watu wenye silaha waliwaua Bruda Vittorio Faccin na Padre Luigi Carrara, huko Baraka. Wakaja Fizi siku ile ile, wakamwua Padre Giovanni Didoné mlangoni pa misioni, wakamwua na Padre Albert Joubert.

Kanisa, ambalo halikumtangaza baba kwa ajili ya vita zake, lilimtangaza mwana. Tarehe 18 Agosti 2024 Padre Albert na wenzake watatu waliandikwa kuwa wenyeheri mashahidi. Ibada ilifanyika Uvira, kandokando ya ziwa lile lile ambalo baba yake alilifikia mwaka 1881.